Namna ya Kulihoji Faili Lisilotaka Kusema

Faili la vigezo, yaani namba ambazo modeli au kifaa huzitegemea kufanya kazi, likikufikia, usiharakishe kulifungua. Lihoji, kama balozi wa nyumba kumi anavyomhoji mgeni aliyeingia usiku: wewe nani, umetoka wapi, umebeba nini? Na jina lake lisikupumbaze. Kubandika “.safetensors” mwishoni mwa jina ni kazi ya sekunde mbili, hata mtoto anaiweza.

Tazama baiti za mwanzo. Amri ya xxd itakuonyesha. Ukiona 47 47 55 46, hizo ni herufi GGUF, vazi la modeli zinazoendeshwa kwa programu ya llama.cpp. Ukiona 50 4B, hiyo ni PK, yaani zipu, na faili la PyTorch kwa kawaida ni zipu yenye pickle ndani yake. Hapo simama kabisa! Pickle hubeba maagizo, siyo namba tu, na Python huyatekeleza papo hapo wakati wa kulipakia. Humjui aliyelitengeneza? Usilipakie. PyTorch yenyewe, tangu toleo la 2.6 la mwaka 2025, huyazuia maagizo ya namna hiyo mpaka uyaruhusu kwa mkono wako. Safetensors ina adabu zaidi: baiti 8 zinazotaja urefu wa kichwa, kichwa cha JSON kinachosomeka, kisha namba tupu.

Halafu piga hesabu. Jedwali la 512 kwa 256, kila namba biti 32, ni baiti 524,288. Ikipungua hata moja, kuna kitu kimekatika njiani. Angalia pia mpangilio wa baiti: 00 00 80 3F ni 1.0, lakini ukiisoma kinyume unapata namba iliyo karibu kabisa na sufuri, na programu haitakohoa hata kidogo. Ukikuta FF FF FF FF mistari na mistari kwenye flashi ya kifaa, usitafute maana. Hapo pamefutwa.

Kisha kuna namba za ukaguzi, zinazokokotolewa kutokana na faili lenyewe. CRC-32 hukamata ajali, haimkamati mwizi. Anayebadili faili hubadili na CRC yake. SHA-256 inafaa ikiwa umeipata kwa njia tofauti na ile iliyoleta faili. Saini ya kidijitali ndiyo inayokuambia nani kalitia saini.

Namba zikikosekana, gharama yake yaweza kuwa maisha ya watu. Mwezi Mei 2015, ndege ya kijeshi ya Airbus A400M ilianguka karibu na Seville, Hispania, ikiwa katika safari ya majaribio. Watu wanne walikufa. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba vigezo vya injini tatu vilikuwa vimefutika wakati wa kuweka programu. Programu ilikuwepo, ila namba zake hazikuwepo.

Kwa hiyo ukishaandika vigezo kwenye kifaa, visome tena kutoka humohumo, vilinganishe na vya asili, na ukipange kifaa kikatae kuwaka kikivikosa, kingali chini ardhini.