Boya

Nikitikisa kichwa, mchanga bado unadondoka. Ni ule wa ndoo nyekundu inayoning'inia sheli, ambayo sisi wenye magari huipita kila siku tukidhani imewekwa kwa ajili ya wakaguzi. Jumamosi ilimwagwa yote juu ya injini yangu, na masalia juu yangu, mbele ya mama mkwe.

Nilikuwa nampeleka stendi ya Mbezi awahi basi la Tanga. Hapo Kimara nikaingia sheli, nikapanga foleni injini ikiunguruma. Harufu ya petroli niliisikia, lakini sheli usiposikia harufu ya petroli utasikia ya nini? Kondakta wa daladala iliyokuwa nyuma ndiye aliyetangaza: "Mzee, gari linakojoa!" Mhudumu akainama, akachungulia chini ya pikapu, akainuka na sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu anayelipwa mshahara: "Zima! Zima gari!"

Nikazima. Gari halikuzimika. Magari ya kabureta yana tabia hiyo: injini ikiwa ya moto sana, unachomoa ufunguo, na lenyewe linaendelea kukohoa na kutetemeka kama mgonjwa aliyekataa kukata roho. Kila mtu akaona mimi ndiye mkaidi. Nikanyoosha mkono dirishani nikauonyesha ufunguo, kama refa na kadi, huku gari likiendelea na mambo yake. Mama mkwe alishuka kwa kasi ambayo magoti yake, tuliyoyachangia matibabu mwezi uliopita, hayakuwahi kuionyesha. Nikafungua boneti ili nijitetee. Ndipo ndoo ikaja.

Vijana waliosukuma pikapu mpaka nje ya sheli walikuwa sita. Waliodai hela walikuwa kumi na mmoja. Mama mkwe alikuwa ng'ambo ya barabara na kikapu chake, amejifunga khanga vizuri upya. Nilipomfikia hakunifokea. Alisema tu, "Baba, mimi nitapanda bajaji." Miaka kumi na miwili ya ndoa, na ile "baba" haijawahi kuwa na baridi namna ile.

Sasa naomba nieleze kitu, maana tangu Jumamosi sijapata mtu wa kunisikiliza. Kabureta ni choo cha kuvuta. Ukifunua tangi la choo utakuta boya. Maji yakijaa boya linapanda, likipanda linafunga bomba. Ndani ya kabureta kuna bakuli dogo la petroli, ndani ya bakuli kuna boya, na juu ya boya kuna kisindano kifupi chenye ncha. Pampu inaleta mafuta, bakuli linajaa, boya linakisukuma kisindano kwenye tundu, mafuta yanakatika. Injini ikinywa, boya linashuka, tundu linafunguka. Haya hutokea bila waya, bila kompyuta, na bila mtu kuagizwa.

Na bado sijafika penye utamu. Juu ya bakuli kuna koo ambalo hewa hupita kwenda kwenye injini, na koo hilo limebanwa katikati. Mtaliano Giovanni Battista Venturi alilichunguza jambo hili, na mbano wa namna hiyo unaitwa kwa jina lake hadi leo: kitu kinachotiririka kikifika penye wembamba hukimbia zaidi, na kikikimbia msukumo wake hupungua. Watu husema injini inavuta mafuta. Haivuti! Hewa hii hii tunayopumua inayakandamiza mafuta yaliyo bakulini, na kwa kuwa kule kooni msukumo ni mdogo, mafuta yanapanda kwenye kimrija na kutoka kama ukungu. Kila gramu 1 ya petroli inatakiwa ikutane na gramu 14.7 za hewa, hapo au karibu na hapo. Mwaka 1893 Wahungari wawili, Donát Bánki na János Csonka, waliombea hataza kabureta ya namna hiyo, na inasimuliwa kwamba wazo walilipata kwa kumtazama muuza maua akiyanyunyizia maua yake maji kwa kupuliza kimrija. Sijui kama ni kweli, lakini nimemsimulia mke wangu mara tatu.

Ubaya ni kwamba mdomo wa kimrija hicho uko milimita chache tu juu ya usawa wa mafuta. Boya likilegea kidogo tu, mafuta hayasubiri kuitwa. Yanapanda yenyewe, yanafurika, na yanaanguka juu ya injini ya moto iliyobeba mama mkwe wa mtu.

Gereji ninayoitumia ni gereji bubu chini ya mwarobaini. Fundi aliisafisha kabureta mchanga ukaisha, akaifunga tena, akaikausha kwa kitambaa, kisha akaniomba poda ya mtoto. Nilidhani ananitania. Akaipaka kabureta poda yote ikawa nyeupe kama bibi harusi, akapiga stata, tukatazama. Petroli ikichuruzika juu ya chuma kitupu hueneza unyevu kila mahali, huwezi kujua imeanzia wapi, lakini juu ya poda huchora njia. Hapo ndipo nilipotazama wiki tatu za juhudi zangu zikifa. Mimi nilishabadilisha mpira wa mafuta, nikakaza skrubu za kifuniko cha bakuli mpaka kifuniko chenyewe kikapinda. Njia kwenye poda haikutoka kwenye mpira wala kwenye kifuniko. Ilitoka juu kabisa, kwenye kitundu cha kupumulia.

Fundi akafungua, akatoa boya, akalitikisa sikioni kwangu. Chwa. Boya la shaba limejaa petroli tumboni, litaelea vipi? Akaazima sufuria ya chai ya mama ntilie wa jirani, ambaye hakuulizwa, akaiepua na kuiweka mbali na moto, akalizamisha boya kwenye maji ya moto. Vipovu vyembamba vikatoka pembeni ya donge la risasi ambalo fundi mwingine aliwahi kuliziba nalo, kubwa kama punje ya maharage. Risasi ina uzito. Boya likiongezewa uzito linazama zaidi, na likizama zaidi linachelewa kufunga. Alilitoboa, akalikamua, akalianika juani mpaka jioni, ndipo akaliziba kwa tone ambalo huwezi kuliona bila miwani.

"Bosi," akasema, "hapa boya ndiye tatizo."

Ndiye. Nikamtazama nijue ni boya gani hasa anayesemwa.

Kwa sababu kulikuwa na kisindano pia. Wiki tatu kabla nilikinunua Kariakoo, kwenye kiboksi chenye maandishi ya Kijapani, shilingi elfu arobaini na tano, na muuzaji aliapa ni jenyuini. Ncha yake ya mpira ilikuwa imevimba na kulainika kama andazi lililodumbukia kwenye chai. Mpira ule haukuwahi kuwa wa petroli. Nilikirudisha dukani. Muuzaji hakukigusa, alinionyesha risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia kilichotokea sheli. Akasema nilifunga vibaya, akamgeukia mteja mwingine, akamwapia.

Hapa mzaha wangu unaniishia. Petroli ya nchi hii ilianza kuwekwa vinasaba mwaka 2010 ili mtu asiichakachue. Kisindano kinachoizuia petroli hiyo isimwagike juu ya moto hakina hata jina la aliyekitengeneza. Mtu yule aliniuzia ajali ndani ya kiboksi, akanipa na chenji, na kesho atamuuzia mwenye daladala yenye watu ishirini na tano.

Jumatatu oili ilinuka petroli, nikaimwaga. Jumatano tuliomba radhi Tanga kwa simu. Alhamisi kabureta ilikaa kimya, kavu, na poda yake.

Jana usiku nilikuwa namweleza mke wangu kwa mara ya nne jinsi kabureta ilivyo sawasawa na tangi la choo, boya likipanda linafunga, likitoboka linafurisha. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kumbe unajua," akasema. "Basi cha kwetu kinavuja tangu Ramadhani."

Saa nne usiku nilikuwa chooni, mkono umezama tangini mpaka kiwiko. Nikalichomoa boya, nikaliweka sikioni, nikalitikisa.

Chwa.