Mwenye Besi Mpishe

Tusimlaumu kijana wa mtaa wetu wa Rhonda, Nakuru, aliyeng'oa kiti cha nyuma cha Subaru yake ili kupisha sabufa. Ni kweli gari lile ni la mbio, na Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, kituo chake kilikuwa hapo jirani, Naivasha. Lakini kwa matuta ya mtaani kwetu, mbio za nini? Bora gari litulie, muziki ukimbie.

Fundi naye ni msomi. Spika ndogo za twita kazipachika juu, karibu na vioo vya pembeni, zilenge sikio, maana sauti nyembamba hunyooka. Besi kaifungia kwenye buti, ndani ya sanduku la mbao lililovikwa zulia, maana besi haijali kona. Wala haijali ukuta wa mabati: saa nane usiku vikombe vyetu hucheza kabatini bila kufundishwa.

Wenye nongwa watauliza mama yake atakaa wapi siku ya kwenda hospitali. Kwani bodaboda zimeisha? Na wakilalamikia usingizi, wakumbuke Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Jiji gani hulala? Hata flamingo wa ziwani wana kelele, na watalii huzilipia. Sisi tunatumbuizwa bure hadi alfajiri, na bado tunanuna.