Mwongozo kwa Bakteria Anayetaka Kuliona Jua la Kesho

Bakteria wa kipindupindu, karibu kwenye maji ya kunywa. Mwongozo huu ni wako, ila ujue mapema kwamba mwandishi wake yuko upande wa mtoto aliyeshika kikombe.

Kwanza, tafuta maji yenye tope. Humo mionzi ya urujuanimno haifiki mbali, nawe utajibanza nyuma ya chembe za udongo mpaka jua lizame. Ogopa nyumba ambamo maji huachwa yatulie, yakachujwa kwa kitambaa, kisha chupa ikasimamishwa juu ya gazeti. Mtu akichungulia kupitia mdomo wa chupa akakisoma kichwa cha habari kilicho chini ya kitako, mwanga unapita. Hama.

Pili, chagua chombo. Dumu la manjano la lita 20 ni ngome yako. Chupa ya rangi au iliyojaa mikwaruzo nayo inafaa. Adui ni chupa ya plastiki inayoonyesha, isiyozidi lita 2, iliyobanduliwa karatasi na kulazwa juu ya bati tangu asubuhi. Hapo una saa 6 tu. Mionzi itaharibu DNA yako ushindwe kuzaana, na mwanga ukishirikiana na oksijeni iliyomo majini utazalisha molekuli kali za kukuunguza mwili mzima. Maji yakifika nyuzi 50, joto litaikamilisha kazi upesi zaidi. Mawingu yakitanda utapata nafuu, lakini wanaojua huiacha chupa nje siku 2 mfululizo.

Tatu, jiepushe na Kajiado. Huko Kenya watafiti walizigawa familia za Wamasai makundi mawili: wengine waweke chupa juani, wengine ndani ya nyumba. Utafiti ulipokuwa umekwisha hivi karibuni, kipindupindu kikaingia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: kati ya watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya juani, waliougua ni 3. Upande wa pili, kati ya watoto 144, waliugua 20. Kwa watoto wakubwa na watu wazima tofauti ya maana haikuonekana, na jambo hilo linaniuma. Lakini hao wadogo ndio unaowamaliza upesi kwa kuwakausha maji mwilini, na chupa iliyowakinga ni ile ambayo wengi wetu huitupa mtaroni.

Nne, ukiponea chupuchupu kwa sababu mtu alikuwa na haraka akaianua chupa adhuhuri, tulia. Bakteria aliyejeruhiwa kidogo anaweza kujitengeneza upya.

Ukishindwa kote huko, umebakiwa na kikombe kisichooshwa na mkono uliotoka chooni bila sabuni. Chupa iliyoiva juani haina kinga ya kubaki kama klorini, kwa hiyo maji yakimiminwa kwenye chombo kichafu unarudi palepale. Mama anayewanywesha watoto moja kwa moja kutoka chupa ileile, tena siku hiyohiyo, huna namna ya kumwingilia.