Jinsi ya Kuwa Bingwa wa Asili ya Maneno Bila Kufungua Kamusi

Elimu ya asili ya maneno huchukua miaka. Wewe una jioni moja, na wageni wako njiani. Usihofu, ndugu yangu, neno moja tu la Kiingereza litatuvusha: dog.

1. Tanguliza ukweli kidogo, kama chambo. Sema taratibu kwamba Waingereza wa kale walimwita mbwa hund, kama Wajerumani wasemavyo mpaka leo. Docga, babu wa dog, lilikuwepo, lakini kwa nadra. Likajipenyeza hivyo hivyo, na kufikia karne ya 16 lilikuwa limelipindua hund, ambalo sasa ni hound na limeachiwa mbwa wa kuwinda. Hapo nyamaza. Kunywa maji.

2. Mtu atauliza: docga nalo lilitoka wapi? Wataalamu wanakiri kwamba hawajui. Wewe usikiri. Kutojua ni anasa ya maprofesa, wao wana mshahara. Jibu "Kilatini". Akitokea aliyesoma Kilatini, hamia Skandinavia upesi. Ukibanwa zaidi, taja frocga wa chura na stagga wa kulungu dume, uonyeshe mkia wao unavyofanana na wa docga. Hilo ni kweli, kwa hiyo lisiwapotezee muda.

3. Tafuta neno zito lenye dog ndani yake. Dogma linafaa sana: dai kwamba limetokana na utii wa mbwa kwa bwana wake. Ni la Kigiriki, kutoka kitenzi cha "kuonekana" au "kudhani", na mbwa hahusiki kabisa. Lakini nani atainuka mezani kukagua, wali ukiwa moto?

4. Asili ikikushinda, kimbilia maana. Dog ni mbwa, ni tusi, ni kumfuata mtu nyuma nyuma, ni hata chuma cha kuegemezea kuni mekoni. Orodhesha mpaka wapige miayo. Miayo hufanana na heshima.

5. Silaha kubwa iwe ya mwisho. Katika Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Queensland, Australia, mbwa aliitwa dog. Mwanaisimu R. M. W. Dixon alilisikia kwa mzee Albert Bennett, na si la kuazima: ni gudaga ya kale iliyokatwa kichwa na mkia. Kufanana kwake na Kiingereza ni sadfa tupu. Wewe sadfa usiitaje. Tikisa kichwa, useme, "Binadamu wote ni ndugu."

6. Ukiona mgeni anatoa simu yenye intaneti, leta chai.