Nungunungu na Wageni wa Mchana

Katika nchi ya mbali, ng'ambo ya milima ambayo jua huchelewa kuivuka, paliishi kundi la yangeyange waliosifika kwa weupe wa manyoya yao na, kwa maoni yao wenyewe, kwa utamu wa nyimbo zao. Kila siku ya saba walikusanyika juu ya mgunga uliosimama kando ya mto, wakaimba, wakaonyana, na kila mmoja akatia kikapuni fungu lake la panzi aliowaokota nyuma ya nyati. Mzee wao, ambaye kishungi chake kilikwisha kugeuka rangi ya asali, hakuchoka kuwakumbusha kwamba ndege aliyeshiba hana haki ya kulala raha iwapo jirani yake amelala na njaa. Wote waliitikia, kisha wakaruka kuelekea nyati walikokuwa.

Ikaja masika moja kali. Mto ulifura, ukabomoa ukingo, na shimo la Nungunungu, mjane aliyelea wajukuu wanne, likajaa tope hadi mlangoni. Habari zilipofika mgungani, yangeyange walisikitika kikweli, maana hawakuwa na roho mbaya; na hilo msikilizaji alishike, kwa kuwa hekaya hii haiwahusu waovu. Siku ileile wakaunda Kamati ya Huruma.

Kamati ilipanga vikao vitano. Cha kwanza kilichagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Cha pili kiliamua kwamba kila ndege atakayeshuka bondeni afunge utepe mwekundu shingoni, ili wahitaji wasije wakadhani wamesaidiwa na kware. Cha tatu kilibishania hadi magharibi ni nani atakayetangulia katika msafara. Cha nne kilimteua mgeni rasmi, naye ni Korongo Mfukoshingo, mkubwa wa nchi ile, ambaye hapakuwa na mzoga uliogawanywa pasipo yeye kuwapo, na ambaye ule mfuko unaoning'inia kooni mwake haukuwahi kusikika ukisema basi. Cha tano kiliahirishwa kwa kukosa akidi, kwani mvua ilikuwa ikinyesha.

Kikapu kilipohesabiwa, walikutwa panzi arubaini. Kumi na wawili walitengwa kwa chakula cha mgeni rasmi, na wanane kwa msafara wake. Sita waligharimia tepe. Watano alipewa Kasuku, aliyekodiwa aitazame shughuli yote na kuitangaza katika kila mti wa nchi. Sita waliliwa na kamati yenyewe, maana vikao vinachosha. Wakabaki watatu. Mweka hazina aliisoma taarifa hiyo mbele ya wote, na hesabu zake zilikuwa sahihi kabisa.

Siku ilipowadia wakashuka saa sita za mchana, wakati ambapo tepe huonekana vizuri. Nungunungu ni mnyama wa usiku; saa hiyo kwake ndiyo usiku wa manane. Aliamshwa, akatolewa nje na wajukuu wake, wakapangwa mstari juani huku macho yamewasinyaa. Ukaimbwa wimbo wa kwanza, na wa pili, ikaombwa dua, kila mwanakamati akatambulishwa kwa cheo chake, risala ikasomwa. Mwishowe mgeni rasmi akasimama kwa mguu mmoja, akasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, akaahidi panzi mia. Ahadi ikaandikwa, mbawa zikapigwa kwa shangwe.

Ndipo mwenyekiti akamkabidhi mjane panzi watatu waliofungwa katika jani zima la mgomba.

"Ngoja kwanza," akasema Kasuku. "Bawa la mwenyekiti lilinizibia. Mama, rudisha, kisha upokee tena. Na safari hii tabasamu."

Nungunungu akarudisha, akapokea. Ikaonekana kwamba utepe wa katibu ulikuwa umepinda. Akarudisha tena, akapokea tena. Mjukuu wake wa mwisho akasogea, akainusa ile zawadi, akauliza kwa sauti iliyomfikia kila mtu, "Bibi, hivi huliwaje?" Maana ukoo wa nungunungu hula mizizi na viazi pori, na panzi kwao ni kelele za majanini tu. Bibi akamfinya kimyakimya, akawageukia wageni, akasema, "Mola awazidishie," kwani aliyefunzwa na mamaye hamwaibishi mgeni.

Njiani kurudi, kinda aliyebebeshwa kikapu kitupu alimsogelea katibu. "Shikamoo, mzee. Kuna aliyemuuliza yule bibi anakula nini?"

"Marahaba, mwanangu. Usiwavunje moyo watoaji."

Katika taarifa ikaandikwa kwamba kaya moja imefikiwa, na kwamba mama wa kaya hiyo alitokwa na machozi. Ni kweli yalimtoka. Jua lilikuwa kali.

Usiku huo akapita Mhanga. Siku ya saba haikuwahi kumkuta macho, kwa kuwa mchana hulala, kwa hiyo jina lake halikukosekana mgungani katika orodha ya waliopotea wanaohitaji kuombewa. Akasimama topeni, akabisha hodi.

"Karibu, baba," akaitika mjane, "ila sina pa kukukalisha."

"Sikuja kukaa, mama. Maji yanaingilia wapi?"

Swali hilo halikuwamo katika ajenda ya kikao chochote. Akaonyeshwa ukingo uliobomoka, akatia makucha ardhini, akachimba mfereji hadi kulipopambazuka, wajukuu wakisukuma udongo kwa miguu. Alipomaliza akapewa viazi pori viwili. Chakula chake ni mchwa, lakini alitafuna kimoja kwa heshima ya mwenyeji, akaenda zake.

Baada ya juma moja shimo lilikuwa kavu. Kasuku aliporuka juu ya bonde na kuliona, alitangaza kila mtini kwamba hayo ndiyo matunda ya siku ya huruma, na yangeyange wakashukuru kwa nyimbo. Wala hapakuwa na aliyesema uongo kwa kujua. Kinda peke yake alishuka jioni moja bila utepe, akamuuliza bibi ndege asiye na makucha ya kuchimbia afanye nini. Akaambiwa akae juu ya kichuguu, autazame mto, na aite utakapoanza kufura.

Masika iliyofuata kamati ikashuka tena, na tepe mpya za samawati, mgeni rasmi yuleyule na ahadi ileile. Wakabisha hodi kwa Nungunungu: kimya. Kwa Kakakuona: kimya. Kwa Kalunguyeye: kimya. Wote walikuwa wamelala fofofo, maana usiku kucha walikuwa pamoja na Mhanga wakizibua mifereji, wakienda shimo baada ya shimo, kinda akiwalindia mto. Mgeni rasmi akaanza kulitazama jua. Kikaitishwa kikao cha dharura papo hapo, akidi ikatimia, na maazimio mawili yakapita bila kupingwa: la kwanza, jina la kinda litiwe katika orodha ya waliopotea; la pili, litafutwe bonde jingine, lenye wahitaji wanaopatikana mchana.