Jinsi ya Kushinda Chokaa Ambayo Haijafika Kyambogo

Anza na hofu. Tazama video ya mama mmoja wa London akililia birika lake lililoota ukoko mweupe, kisha chungulia ndani ya pakoleta yako, yaani birika la umeme. Usipoona kitu, washa tochi ya simu. Chokaa ya Kyambogo, hapa Kampala, ina haya, haijitokezi ovyo.

Hapo ndipo wajuaji watakapotaka kukuharibia. Watakukumbusha kwamba maji ya mfereji ya Kampala hutoka Ziwa Victoria, na kwamba karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani humo ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Mvua hiyo haijapita kwenye mwamba wowote wa chokaa, basi ikuachie nini birikani? London maji hupenya miamba ya chaki. Unguja hupenya matumbawe ya kale, ndiyo maana sufuria za huko huvaa kanzu nyeupe. Wewe wa mlimani Kyambogo umenyimwa. Wasikilize kwa adabu, kisha nenda dukani.

Chukua chupa ya dawa ya chokaa, ile yenye picha ya bomba linalometameta, na ukiwa na uwezo ongeza mtambo wa kulainisha maji. "Nnyabo, hii inamaliza chokaa yote," muuzaji atakuapia, naye hasemi uongo: ukifika nyumbani hutaikuta hata chembe. Mtambo wenyewe hunasa kalsiamu na kuachia sodiamu mahali pake, na ukichoka hurudishiwa nguvu kwa chumvi. Kwa hiyo kila mara utanunua chumvi ya kulainisha maji yaliyokuja yakiwa laini tangu ziwani. Hayo ndiyo maendeleo.

Yako majaribio mawili uyakimbie kabisa, maana yatakuharibia starehe. La kwanza: kwangua sabuni ya mche ndani ya chupa ya maji, utikise. Maji magumu hutoa mgando mweupe na povu la kubembeleza. Maji laini hufura povu hadi shingoni. La pili: dondoshea ndimu kwenye lile doa linalokukosesha usingizi. Chokaa ikikutana na asidi hutokota mapovu, kwa kuwa hewa ukaa inafukuzwa. Doa likinyamaza, ndugu yangu, huna chokaa. Yaelekea una tope.

Na tope tunalo. Maji yakikatika kisha yakarudi, yale ya mwanzo huja na rangi ya chai kabla hujatia majani. Dawa yake haiuzwi: yaache ya mwanzo yapite, ufulie matambara au umwagie migomba, yanayofuata yatulize kwenye jerikani usiku kucha, asubuhi umimine ya juu polepole na kuyachemsha. Lakini ushauri wa bure nani aliwahi kuupiga picha akawaonyesha majirani?

Wanaotumia kisima kirefu hesabu yao ni nyingine, kwa sababu miamba ya chini ina siri zake. Hao, ndimu ikitokota kweli, watie birikani siki na maji nusu kwa nusu, wachemshe, waache nusu saa, wasuuze mara mbili. Hapa naweka mzaha pembeni: siki usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na jiko dogo halina pa kukimbilia.

Ukiona bado roho inakutamanisha chokaa, panda basi la Tororo, au la Kasese ushukie Hima. Huko inachimbwa na kugeuzwa saruji, hutarudi mikono mitupu.

Chupa ya dawa iliyobaki usiitupe. Akija mgeni wa Mombasa anayetumia maji ya kisima cha matumbawe, mfungie zawadi. Wewe utamwona mtu mzima akikumbatia chupa ya dawa ya birika, akiuliza kama mnazo nyingine.