Sifa za Mwani wa Sebuleni

Wengine na wamsifu samaki kipepeo kwa urembo wake, na matumbawe kwa rangi zake. Mimi, mkazi wa Magomeni, nausifu mwani: ule wa kijani, wenye utelezi, unaoziba kioo cha tangi la maji chumvi mpaka mgeni anauliza kama humo mnafugwa samaki au mnalimwa mchicha.

Tuanze na nasaba, maana kwetu mtu haposi bila kuulizwa kwao. Jamaa zake wa kale, bakteria wa kijani-buluu, walianza kuijaza dunia oksijeni zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Samaki hakuwepo, na Magomeni haikuwa na mwenyewe. Hata leo, ng'ambo ya pili kule Zanzibar, Paje na Jambiani, mwani wa kulimwa umewapa akina mama hela yao wenyewe tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Iweje ndugu yake akiota sebuleni aitwe uchafu?

Pili, bidii. Samaki kazi yake kula na kunya. Kinyesi na mabaki ya chakula vinaoza, vinatoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wanaigeuza naitraiti, kisha naitreti, halafu wanafunga kazi. Anayebaki kuifyonza hiyo naitreti, pamoja na fosfeti, ni mwani, tena bila mshahara. Huko Marekani, Walter Adey wa Smithsonian alibuni mtambo wa kusafisha maji ya matangi ya matumbawe kwa kuotesha mwani makusudi. Sisi mtambo huo tumeletewa bure, tunaukwangua kwa wembe.

Tatu, ukweli. Tangi likianza kudhoofika, kila aliyemo anaficha. Samaki anaogelea kama kawaida, tumbawe linanywea kimyakimya. Mwani peke yake unasema. Unasema watoto wanamwaga chakula kila wapitapo. Unasema sponji ya chujio haijaguswa tangu Idi. Unasema maji yalichotwa karibu na mdomo wa Mto Msimbazi, kwa sababu baba aliona uvivu kwenda mbali na mji. Ndiye mpangaji anayemwambia mwenye nyumba kwamba choo kimejaa, na malipo yake ni kupewa notisi.

Na tumbawe lisijivune. Ndani ya nyama yake mna mwani wa seli moja, ambao kila kukicha hulipa kodi kwa sukari inayotengenezwa kwa mwanga. Bahari ilipopata joto kupita kiasi mwaka 1998, matumbawe ya pwani yetu yaliwatimua wapangaji hao. Yakabaki meupe, na mengi yakafa kwa njaa.

Mahasidi watasema mwani unayafunika matumbawe na kuyanyima mwanga. Ni kweli, unayafunika. Lakini nani aliyeulisha hadi ukanenepa? Anayetaka uondoke aache kwanza kuukaribisha. Apunguze chakula. Abadilishe sehemu ya kumi ya maji kila wiki. Maji yakipungua kwa joto la Desemba, aongeze maji baridi yasiyo na klorini, maana chumvi haipandi na mvuke. Akijaza ya bahari kila mara, tangi litageuka brini. Sponji aisuuze kwa maji ya tangi lenyewe, kwa kuwa klorini ya bomba inawaua bakteria wanaofanya kazi. Aweke konokono wa baharini, na kama tangi ni kubwa, samaki kangaja, ambaye riziki yake ni mwani. Asubiri wiki, si siku. Mwani haung'ang'anii pasipo na chakula.

Ila kipande kidogo kikibaki pembeni, akiache. Siku watoto watakaporudia kumwaga chakula, kitamwambia kabla samaki hajaelea tumbo juu, na hakitamwomba hata nauli ya mwendokasi.